Kabla ya Kupakia, Muulize Aliyemo

Hotuba kwa wapiga video na akina mama wa Pumwani, Nairobi

Assalamu alaykum. Na ndugu zetu wa dini nyingine mliofika, hamjambo nyote. Mama zangu mliokaa mbele, dada zangu wa kamera, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo kila mpiga video wa mtaa huu anaulizwa siku hizi: tuweke wapi? Harusi imerekodiwa, imehaririwa, na jamaa wako Majengo, Eastleigh, Mombasa, Muscat na Minnesota. Tuweke wapi waione?

Nilipoanza kazi hii hakuna aliyeuliza hivyo. Tulichoma DVD, tukachapisha kava lenye picha ya bibi harusi, tukampa mama mzazi nakala tano, kazi ikaisha. Leo nikimpa mtu DVD ananiuliza ataichezea kwenye nini. Anataka linki. Na linki si DVD. Ile DVD ilikaa kabatini kwa mama, na aliyetaka kuitazama alipiga hodi kwanza, akakaribishwa, akatazama mama mwenyewe akiwepo. Linki haipigi hodi.

Nitawaeleza lililonipata, kwa sababu ndilo lililonifundisha karibu yote nitakayosema leo.

Nilirekodi kupamba ya binti mmoja wa hapa hapa. Mama zangu mnajua kupamba ilivyo: wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni kwenye beseni, mabuibui yametundikwa, nywele wazi, watu wanacheza. Mimi niliingia na kamera kwa kuwa ni mwanamke mwenzao, na kwa kuwa mama wa bibi harusi aliniamini. Nilipomaliza kuhariri nikaipakia YouTube, na pale pa kuchagua nani aione nikachagua ile isiyoorodheshwa. Niliamini nimeificha. Nikampelekea linki bibi harusi peke yake. Yeye akampa dada yake. Dada akaiweka kwenye grupu la WhatsApp la akina shangazi. Siku ya tatu, shangazi mmoja alimpa mwanawe simu amtengenezee jambo, kijana wa miaka kumi na tisa, na kwenye kioo akamkuta jirani yao, mke wa mtu, anacheza bila mtandio.

Yule jirani alipopata habari alinijia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi simu yangu niliiacha mlangoni. Yako wewe nani aliichukua?"

Niliifuta video saa ile ile. Kufuta kuliua linki, lakini waliokwisha kuipakua walikuwa nayo. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, nyumba saba, na nilistahili kwenda.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. YouTube ina milango mitatu. Wa kwanza ni hadharani: mtu yeyote duniani anatafuta na kuipata. Wa pili ni isiyoorodheshwa: haitokei mtu akitafuta, lakini yeyote mwenye linki anaingia, na akimpa mwenzake, huyo naye anaingia, wewe huna habari. Wa tatu ni wa faragha: unaandika anwani za barua pepe za unaowaruhusu, wasizidi 50, na kila mmoja awe na akaunti ya Google. Mimi nilipita mlango wa pili nikidhani ndio wa tatu. Wapiga video wenzangu wengi wanafanya hivyo mpaka leo, na mteja hana namna ya kujua, maana anachokiona yeye ni linki tu.

Mtu ataniambia, basi tumia ule wa tatu. Nilijaribu. Nyanya wa bibi harusi hana barua pepe; akaunti ya simu yake ilifunguliwa na mjukuu, na mjukuu amekwenda Doha. Kwa familia moja nilikusanya anwani za wanawake thelathini. Nilipata tisa, na mbili kati ya hizo zilikuwa za waume zao.

Ndiyo maana nawaomba tuanzie mahali pengine kabisa. Watu wakizungumzia majukwaa ya video huanza na bei, au pesa za matangazo, au idadi ya watazamaji. Mimi naanza na aliyemo ndani ya video. Nani yumo, na amekubali kuonwa na nani? Muulize kwa mdomo, kabla hujawasha kamera, si baada ya kuhariri. Jibu lake ndilo litakalokuchagulia jukwaa, na mara nyingi litakuondolea zaidi ya nusu ya yaliyopo.

Kwa kazi kama za kupamba, mimi nilihamia Vimeo. Ni jukwaa la zamani, lilianza New York mwaka 2004, miezi michache kabla ya YouTube. Halitii matangazo kwenye video yako, na ukiisha kuitazama halikurushii video za watu wengine usiowajua. Kilichonivuta zaidi ni kwamba katika mipango ya kulipia unaweza kuifunga video kwa nywila, yaani neno la siri. Nywila inapelekwa kwa mdomo. Mama wa bibi harusi anaichagua mwenyewe, anawanong'oneza anaowataka, na mimi naibadilisha baada ya siku arobaini. Kuanzia hapo aliyekuwa nayo ya zamani anakuta mlango umefungwa. Jambo jingine: ukikosea kitu, unaweza kupakia faili lililosahihishwa na linki ikabaki ile ile. YouTube haikuruhusu kubadilisha faili. Inakuruhusu kukata kipande na kutia ukungu kwenye nyuso, na hilo nalo ni la maana sana, lijueni lilipo, lakini faili jipya ni linki mpya.

Sitawadanganya kwamba nywila ni kufuli la chuma. Mtu anaweza kuipitisha. Mtu anaweza kuelekeza simu ya pili kwenye kioo akarekodi. Tena Vimeo inalipiwa kwa dola, kwa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay iliyokuja mwaka 2022. Gharama hiyo iingize kwenye bei ya kazi tangu mwanzo, na umwambie mteja waziwazi video itakaa miezi mingapi. Na mjue kwamba mwaka 2025 kampuni ya Bending Spoons ya Italia ilikubaliana kuinunua Vimeo kwa dola bilioni 1.38. Kampuni ikibadilisha mikono, bei na masharti huweza kubadilika, kwa hiyo soma kila barua pepe wanayokuletea.

Na kuna kupamba ambazo siku hizi siziweki popote. Mama akisita hata kidogo nikimuuliza, natia kwenye fleshi mbili, namkabidhi mkononi, na kwenye kompyuta yangu nafuta mbele ya macho yake. Vijana wengine huona huko ni kurudi nyuma. Mimi naona ni kazi nzuri kuliko zote ninazofanya, na naitoza bei ile ile.

Nikahi yenyewe, msikitini, wanaume wameketi, kadhi anasoma hutuba, hiyo ni habari nyingine. Hiyo watu wanataka ionekane. Hapo YouTube haina mpinzani, na sababu yake si umaarufu tu.

Hesabuni pamoja nami. Video inayosafiri kwa megabiti moja kila sekunde, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa, kisha gawanya kwa nane, maana baiti moja ni biti nane, ni megabaiti 450 kwa saa. Huo ni kama ubora wa 480, picha inayotosha kwenye simu. Ubora wa 1080 unaweza kuhitaji megabiti tano, na hizo ni zaidi ya giga mbili kwa saa. Harusi ya saa tatu, basi, itakula giga moja na kitu kwa mtu mmoja, na karibu giga saba kwa mwingine. Shangazi hanunui bando la giga saba ili kumwona mpwa wake akiolewa. Ukimrushia faili zima, lazima alipakue lote. Lakini ukipakia YouTube, wao wanatengeneza nakala nyingi za video hiyo moja, kubwa na ndogo, na simu ya shangazi inachukua inayolingana na mtandao wake, ikipanda na kushuka kadiri mtandao unavyopanda na kushuka. Yeye hata hajui. Anaona tu kwamba haikwami.

Pia iko habari ya bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inaingilia Mombasa kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji: SEACOM na TEAMS za mwaka 2009, EASSy ya mwaka 2010, na nyingine baadaye. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika, na mtandao ukawa mzito Afrika Mashariki nzima. Google imeweka seva za akiba, yaani kompyuta zinazotunza nakala za video, ndani ya mitandao ya huku kwetu, kwa hiyo video inayotazamwa sana haivuki bahari kila mtu anapoibonyeza. Jukwaa dogo ambalo seva zake ziko Ulaya tu, kila dakika yako inavuka. Kabla ya kumlipia mtu yeyote, pakia dakika mbili za majaribio, kisha kazitazame kwenye simu ya bei ndogo, kwa bando, saa mbili usiku, nje ya nyumba yenye waifai. Kama inakwama hapo, usijali tovuti yao imepambwa namna gani.

Muziki. Hapa vijana mnaumia sana. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mtambo unaoitwa Content ID, unaolinganisha sauti ya video yako na nyimbo ambazo wenyewe wamezisajili. Ukipachika wimbo wa Bongo juu ya maharusi wanaingia ukumbini, mwenye wimbo anaweza kuchukua pesa za matangazo, au kuizuia video katika nchi anazotaka, na mjomba aliyeko ng'ambo anabonyeza linki anakuta giza. Hilo si adhabu kwa chaneli yako; ni dai tu. Mwenye wimbo akiamua kupeleka malalamiko rasmi ya hakimiliki, hilo ni onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima pamoja na harusi zote zilizomo. Rekodini dufu na vifijo vya siku yenyewe. Vina uhai kuliko wimbo wa kubandika, na familia inasikia sauti za watu wake.

Watoto wa madrasa. Kila Maulidi naombwa niweke video za watoto wakisoma kasida, na wazazi wanafurahi, na mimi nafurahi. Lakini furaha ya ukumbini si idhini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Sasa mimi nina karatasi. Mzazi anasoma, anatia sahihi, anasema hadharani au familia tu. Asiyetaka, mtoto wake nampanga safu ambayo kamera haifiki, na namwambia mwalimu mapema ili mtoto asione ametengwa. Na ukiweka YouTube, itie alama kwamba ni ya watoto. Maoni yatafungwa, na hilo kwangu ni faida tupu.

Kuhusu pesa nitapita haraka, maana najua kuna waliokuja kwa ajili hiyo peke yake. Ili kugawiwa pesa za matangazo ya YouTube unahitaji wafuatiliaji 1,000, na saa 4,000 za kutazamwa kwa miezi 12 au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 kwa siku 90. Kwenye video ndefu unapata asilimia 55. Hulipwi mpaka ufikishe dola 100. Mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani yanakatwa kodi ya huko, na ukikosa kujaza fomu ya kodi Google inaweza kukukata hata kwenye mapato ya nchi nyingine. Kwetu, tangu mwaka 2023, kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni. Kijana wa vichekesho au wa mapishi, endelea, Mungu akufungulie. Lakini harusi ya mtu si bidhaa yako. Mteja alikwisha kukulipa. Ukitaka kuwasha matangazo juu ya harusi yake, mwombe, na akikataa nyamaza.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko yote: kudumu.

Video ya kwanza kabisa ya YouTube ilipakiwa tarehe 23 Aprili 2005. Ni ya sekunde 19, kijana amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego, na mpaka leo ukiitafuta unaiona. Watu wanaona hivyo wanadhani kila kitu mtandaoni kinadumu hivyo. Google hao hao walikuwa na huduma nyingine, Google Video, wakaifunga mwaka 2012. Vine ya video za sekunde sita ilipendwa na dunia nzima, ikafungwa mwaka 2017. Na hili linatugusa sisi moja kwa moja: tangu tarehe 19 Februari 2025, video ya laivu ya Facebook inakaa siku 30 tu, kisha inafutwa. Zile za zamani nazo wenye kurasa waliarifiwa wazipakue kabla hazijaondolewa.

Fikirini ni nini kilichokuwa humo. Wakati wa korona, mazishi yalipowekewa kikomo cha watu, tuliwarushia jamaa laivu. Nilisimama makaburini peke yangu na simu kwenye kijiti, mkono unatetemeka, ili mtoto aliyekwama ng'ambo amwone mamake akiteremshwa. Laivu ile ndiyo maziko aliyohudhuria. Nilipopata ule ujumbe wa kufutwa nilikesha siku mbili nikipakua moja moja, kwa waifai ya kuazima. Kama mna laivu za mazishi kwenye kurasa zenu na hamjui zimefikia wapi, nendeni leo, msingoje kesho.

Kwa hiyo kazi yoyote niliyoirekodi, niliyoruhusiwa kuitunza, inakaa kwenye diski mbili nilizonunua Luthuli. Moja iko kwangu, moja kwa dada yangu Buruburu, kwa sababu moto wa soko la Gikomba tunaujua sote na hauchagui nyumba. Jukwaa ni la kuonyeshea. Faili la asili, lile kubwa ambalo halijabanwa, halitoki mikononi mwangu. WhatsApp haitunzi kitu. Inaibana video mpaka uso unakuwa uji, labda uitume kama hati.

Na kwa mambo ya historia, mambo ya wazee, kuna mahali ambapo wengi wenu hamjapasikia: Internet Archive. Ni shirika lisilo la faida lililoanzishwa San Francisco mwaka 1996. Kupakia ni bure, hakuna matangazo, na mtu yeyote anaweza kupakua faili zima akalitunza kwake. Oktoba 2024 walishambuliwa na wadukuzi, tovuti ikazimika kwa siku kadhaa, kwa hiyo hata hapo usiweke nakala yako ya pekee.

Nilipafikia hapo kwa ajili ya bi mkubwa mmoja wa Majengo, ana miaka themanini na kitu. Nilikaa naye asubuhi nzima. Alieleza nyumba za udongo na mabati, wapangaji chumba kwa chumba, wanawake waliojenga nyumba zao kwa jasho lao wenyewe wakati ambapo mwanamke kumiliki nyumba mjini halikuwa jambo dogo. Kisha, hina ikatajwa, akaanza kuimba. Aliimba nyimbo za kesha la hina ambazo mimi sijawahi kuzisikia, maneno makali ya kumfunda mwari, akacheka, akafunika uso kwa kanga, akaendelea.

Nilipozima kamera nikamuuliza lile swali. Bibi, haya yaonwe na nani? Alifikiri. Akasema habari za nyumba zipeleke duniani kote, wajue tulikuwepo. Nyimbo ni za wanawake. Nikamuuliza, wanawake gani? Akasema, "Waliokwisha kuolewa, na wanaokaribia."

Nikakata rekodi dakika ya arobaini na moja. Sehemu ya kwanza iko Internet Archive na YouTube, hadharani, jina la mtaa limeandikwa kwenye kichwa. Ya pili iko nyuma ya nywila aliyoichagua yeye, na anayeitoa ni yeye. Mwari akiposwa hapa mtaani, mama yake anampeleka kwa bibi, wanakaa, wanapewa chai, na kabla hawajaondoka bibi anamwinamia msichana sikioni.